Eti pingili ya kwanza ya shingo ikihama inapandisha presha? Nimeambiwa nilipe laki saba na nusu

#1 Mkazi wa Kisasa
Wakuu, habari za muda huu. Niende kwenye mada.

Nina miaka 41, kazi yangu ya ofisini Mtumba, kutwa nzima kwenye kompyuta. Tangu mwaka jana kisogo kinauma, maumivu yanapanda mpaka nyuma ya jicho la kulia. Na presha nikipima inasoma 150 kwa 95. Jirani akaniambia kuna wataalamu wa kairopraktiki, ile tiba ya kunyoosha pingili kwa mikono, wametoka Dar, wamekodi ukumbi hapa Dodoma mjini, wanapima bure. Nikaenda na wife.

Wakanilaza kifudifudi. Jamaa akashika visigino, akavibananisha, akamwita wife aje aone: mguu wa kushoto mfupi, unapungua kama upana wa kidole. Akasema pingili ya kwanza ya shingo, inaitwa atlasi, imehama na inabana neva zinazoongoza presha. Akanishika kidevu, akanigeuza kichwa, ka! upande huu, ka! upande ule. Akashika visigino tena, miguu iko sawasawa. Wife akapiga makofi kabisa.

Sasa wanataka nilipie tiba ya miezi sita kwa mkupuo, laki saba na nusu, bima hawapokei. Na dawa za presha eti nitaziacha taratibu.

Swali: pingili inaweza kuhama na mtu ukawa unaenda kazini kama kawaida? Na presha inaingiaje hapo? Wenye kejeli mpite mbali.

#2 Zabibu Kavu
Nimekaa siti ya mbele, nasubiri wajuvi.

#3 Boda wa Nkuhungu
Umepigwa mkuu. Uzi ufungwe.

#4 Mkazi wa Kisasa
@Boda wa Nkuhungu sijalipa bado, ndiyo maana nauliza. Halafu ukweli usemwe, nilitoka pale nikiwa mwepesi mpaka kesho yake. Kichwa kilitulia.

#5 Mwana Chamwino
Msikimbilie kumkatisha tamaa. Mimi ni shuhuda wa hii tiba. Mgongo ulinikamata nikiwa Durban kikazi, sigeuki kitandani, mke ananivalisha soksi. Kairoprakta mmoja akanishughulikia, mwisho wa wiki natembea. Hii ni elimu kamili, ilianzishwa na daktari mmoja Marekani miaka ya 1920. Huku kwetu tu ndiyo tunaona ni uganga.

#6 Ticha Bio
@Mwana Chamwino rekebisha hapo. Si miaka ya 1920, na hakuwa daktari. Ni Septemba 1895, mji wa Davenport, jimbo la Iowa. D.D. Palmer aliwahi kuwa na duka la vyakula, baadaye akawa anatibu watu kwa kile walichokiita nguvu ya sumaku ya mikono. Mgonjwa wake maarufu ni Harvey Lillard, mfanya usafi kwenye jengo lilelile, alikuwa hasikii vizuri. Palmer akadai alisukuma pingili moja ya mgongo na masikio yakafunguka.

Sasa chukueni kitabu chochote cha baiolojia. Neva ya kusikia inatoka sikioni inaingia kwenye ubongo hapohapo ndani ya fuvu. Haishuki shingoni wala mgongoni. Mwaka 1906 Palmer alifungwa kwa kutibu bila leseni. Hili la kuishikilia atlasi kama chanzo cha kila ugonjwa ni la mwanawe, B.J. Palmer, miaka ya 1930. Kwa hiyo ulichoambiwa ukumbini si kairopraktiki yote, ni tawi moja lenye imani zake.

#7 Mwana Chamwino
Ticha, historia haimwumizi mtu wala haimponyi. Hata upasuaji kule Ulaya ulianzia kwa vinyozi. Afrika Kusini leo hii wanasomea chuo kikuu, Durban na Johannesburg, na wana baraza linalowasajili. Mgongo wangu umepona, wewe unaniletea habari za Iowa.

#8 Kinyozi Majengo
Nimesikia vinyozi tumetajwa 😂

Mimi nikimaliza kunyoa nampangusa mteja kwa taulo la moto, nakanda mabega, halafu nashika kidevu na kisogo, kulia ka, kushoto ka. Shingo isipolia mteja anaona hajahudumiwa, wengine wanagoma kusimama kwenye kiti. Miaka yote hii hakuna aliyerudi kulalamika.

#9 Boda wa Nkuhungu
@Kinyozi Majengo aliyepooza atarudije kulalamika?

#10 Kinyozi Majengo
Boda unaniharibia kazi wewe.

#11 Fizio wa Makole
Nimeitwa huku na rafiki. Mimi ni mtu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, nilisomea KCMC kule Moshi, kwa hiyo ninyi mtakaosema natetea ugali wangu semeni tu.

Shingo ina pingili 7, na mbili za juu hazifanani na zilizobaki. Atlasi haina ule mwili mnene wa pingili, ni duara la mfupa lililobeba fuvu. Ya pili chini yake, aksisi, ina kijiti cha mfupa tunachokiita jino, kimesimama ndani ya duara hilo. Ukiitikia kwa kichwa, fuvu linacheza juu ya atlasi. Ukikataa kwa kichwa, atlasi inazunguka kwenye jino, na karibu nusu ya mzunguko wote wa shingo unafanyika hapo pekee. Nyuma ya jino kuna kano ngumu inayolizuia lisiugonge uti wa mgongo.

Kuhama kwa maana ya hospitali ni kano hiyo kukatika au kulegea, au mfupa kuvunjika. Hiyo ni dharura, na mtu wa namna hiyo ni marufuku kumsokota shingo. Wanachokiita wao kuhama ni tofauti ndogo mno ya nafasi, na kwenye eksirei tofauti hiyo inatokea hata ukiinamisha kichwa kidogo wakati wa kupigwa picha. Tena wapo wengi wenye atlasi isiyolingana pande mbili tangu kuzaliwa na hawajui.

Kuhusu visigino: nilalishie mtu yeyote humu kifudifudi akiwa na viatu. Nikiusukuma mmoja juu kidogo na kuuvuta mwingine, mguu mfupi nitaupata upande ninaoutaka. Halafu naurefusha mbele ya macho yako. Na wengi wetu miguu inapishana kidogo kiasili.

#12 Mkazi wa Kisasa
Daah. Nilikuwa na viatu kweli.

#13 Zabibu Kavu
Wife arudishe makofi.

#14 Mzee wa Ihumwa
Vijana, mimi nauliza, pingili imehama kutoka wapi kwenda wapi? Maana 2016 serikali ilitangaza inahamia Dodoma na wengine bado wana nyumba mbili mpaka leo. Hiyo pingili ilipewa posho ya uhamisho?

#15 Boda wa Nkuhungu
😂😂😂 Mzee umeua.

#16 Sele wa Kizota
@Fizio wa Makole mbona mimi nilifundishwa shingo ina pingili 8? Usidanganye watu.

#17 Ticha Bio
Jozi za neva ndizo 8, pingili ni 7. Neva ya kwanza inatokea juu ya atlasi, ya nane inatokea chini ya pingili ya saba, ndiyo maana hesabu hazilingani. Hata twiga ana pingili 7 za shingo.

#18 Sele wa Kizota
Twiga 7? Kwa shingo ile? Hiyo chai, weka sukari.

#19 Ticha Bio
Saba. Ila kila moja ni ndefu sana. Bundi ndiye ana 14.

#20 Mwana Chamwino
Mmehamia mbugani sasa. Mimi narudi kwa swali la presha, maana mmelikwepa. Mwaka 2007 kulitoka utafiti wa Chicago kwenye jarida la madaktari wa presha. Watu 50, nusu wakarekebishwa atlasi kweli, nusu wakafanyiwa ya kuigiza bila wao kujua. Baada ya wiki 8, waliorekebishwa namba ya juu ya presha ilishuka wastani wa 17, wale wa maigizo 3. Na atlasi ilisukumwa kwa mkono taratibu, bila kusokota wala ka! ka! Fizio, hapo unasemaje?

#21 Fizio wa Makole
Nasema utafiti huo upo na tarakimu umezipatia. Ni watu 50, wa sehemu moja, na wao wenyewe walisema ni jaribio la awali. Jambo la ukubwa huo, tiba moja inashusha presha kama vidonge viwili, lilipaswa liwe limerudiwa kila mahali mpaka sasa. Miongozo ya presha haina sehemu inayosema nenda karekebishe atlasi. Na wewe mwenyewe umesema hawakusokota. Huyu ndugu yetu alisokotwa. Unatetea kitu ambacho hakufanyiwa.

#22 Mwana Chamwino
Mbona hamkurudia ninyi basi? Nani atatoa hela ya kutafiti kitu ambacho hakiuzi vidonge?

#23 Mzee wa Ihumwa
Hapo Chamwino kanena kitu.

Lakini kijana wa Kisasa, hiyo 150 kwa 95 ulipimwaje? Ulikaa kwanza? Mimi walinipima nimetoka kupanda ngazi wakataka kunilaza. Nikakaa kivulini, wakarudia, iko chini. Kapime asubuhi nyumbani, umekaa, mkono uko mezani. Na ukipewa dawa usiache kwa maneno ya ukumbini. Rafiki yangu aliacha kwa sababu ya maji ya miujiza, sasa anavuta mguu mmoja.

#24 Mama Ubuyu
Mimi sijui mambo ya presha ila ya kuvunjika nayajua. Mdogo wangu huko Mpwapwa alianguka kutoka kwenye mbuyu akichuma ubuyu, akatangulia kichwa. Aliinuka mwenyewe. Alitembea mpaka nyumbani amekishika kichwa kwa mikono miwili, hivi, kiganja kila upande wa taya, akisema mama kichwa kizito. Jioni akaletwa mzee mkandaji na kopo lake la mafuta ya kondoo, akasema shingo imeteguka, ngoja aivute. Baba akakataa, wakagombana sana. Kesho yake hospitali, picha ikaonyesha atlasi imepasuka. Alivaa kola ngumu miezi, amelala chali, tunamlisha na kijiko. Leo anachunga ng'ombe. Angevutwa ile jioni sijui.

#25 Boda wa Nkuhungu
Kwa hiyo mtu anaweza kuvunja pingili ya kwanza ya shingo na akatembea?? Mimi nilijua unakata moto palepale.

#26 Fizio wa Makole
@Mama Ubuyu pole, na baba yako alikuwa na akili sana. @Boda, ndiyo, inatokea. Uzito ukishuka wima kichwani, duara linapasuka na vipande vinasukumwa kwenda nje, kwa hiyo uti unabaki na nafasi. Daktari Geoffrey Jefferson wa Uingereza aliuandika mvunjiko huu mwaka 1920, ndiyo maana una jina lake. Wengine wanaupata kwa kujitupa kichwa mbele kwenye maji mafupi. Kushikilia kichwa kwa mikono ni dalili kubwa. Ukimwona mtu hivyo baada ya ajali usimpakize mshikaki kwenye pikipiki.

#27 Boda wa Nkuhungu
Nimeshawabeba wengi wa hivyo...

#28 Binti Mvumi
Na sisi tunaobeba ndoo? Lita 20 ni kilo 20, toka bombani mpaka nyumbani, na kuni juu. Bibi yangu kabeba mpaka mvi zimejaa na hajawahi kulalamika shingo. Mimi nakaa ofisini na simu tu, shingo inauma kila siku. Mimi naona tatizo ni kuinamia simu, si atlasi.

#29 Sele wa Kizota
Bibi alikuwa hana wa kumlalamikia.

#30 Fizio wa Makole
@Binti Mvumi mzigo wa kichwani unasaga pingili za kati na za chini zaidi, tunaziona picha za kina mama zimeota vijimfupa pembeni. Maumivu ni jambo lingine, picha mbaya na shingo nzima vinaweza kukaa kwa mtu mmoja. Ya kwako ni misuli ya chini ya kisogo, ile midogo inayoshikilia kichwa ukiwa umeinama. Ikikaza inapeleka maumivu mpaka nyuma ya jicho. Ya mtoa mada naishuku hiyohiyo.

#31 Mzee wa Ihumwa
Au miwani. Kijana umepima macho? Mimi kisogo kiliniuma mwaka mzima, nikabadilisha miwani kikaisha.

#32 Zabibu Kavu
Au kipandauso. Maumivu ya upande mmoja nyuma ya jicho, mwanga unakukera? Dada yangu anayo hiyo, alipelekwa kwa waganga watatu.

#33 Sele wa Kizota
Au kiwanja. Hapo Kisasa uliuziwa na nani? Enzi za CDA, ile mamlaka iliyokuwa inagawa viwanja Dodoma, kuna watu walitoka kwenye mashamba yao na kinyongo, na CDA yenyewe imevunjwa 2017, kinyongo hakikuvunjwa. Nyie endeleeni na Chicago.

#34 Mkazi wa Kisasa
Hahaha kiwanja nina hati, Sele. Mwanga unanikera kidogo, macho sijapima. Ila hebu nielezeni habari ya kupooza, maana Kinyozi na Boda wameitania ikapita. Ni kweli kusokotwa shingo kunaleta kiharusi?

#35 Ticha Bio
Ipo mishipa miwili ya damu inayopanda kupitia matundu ya pingili zenyewe, kuanzia ya sita mpaka ya kwanza. Ikifika atlasi inakata kona kwa nyuma ndiyo inaingia kwenye fuvu. Kona hiyo ndiyo shida. Kichwa kikigeuzwa ghafla mshipa unanyooshwa, ukuta wake wa ndani unaweza kuchanika, damu inaganda pale, kibonge kinaenda kwenye ubongo. Katie May, mwanamitindo wa Los Angeles, alifariki 2016 akiwa na miaka 34, na ofisi ya uchunguzi wa vifo ikaandika chanzo ni mshipa wa shingo kuchanika wakati wa kunyooshwa na kairoprakta.

#36 Mwana Chamwino
Mtu mmoja. Sasa semeni na upande wa pili. Ontario, Canada, walichunguza viharusi 818 vya mishipa hiyo, majibu yakatoka 2008. Walikuta wagonjwa walikuwa wametoka kwa kairoprakta, na walikuwa wametoka kwa daktari wa kawaida vilevile. Maana yake mshipa ulishaanza kuchanika, shingo ikauma, ndiyo mtu akaenda kutafuta tiba. Kairoprakta kakutwa na msiba si wake.

#37 Fizio wa Makole
Hiyo ni tafsiri moja na ina nguvu. Lakini hata ukiikubali, bado una mtu ambaye mshipa wake umeshachanika, anaingia ukumbini, na unamsokota. Chama cha Moyo cha Marekani kilipitia suala hili 2014, hawakusema imethibitika kwamba ndicho chanzo, walisema uhusiano upo na mgonjwa aambiwe kabla ya kuguswa shingo. Wewe @Mkazi wa Kisasa uliambiwa?

#38 Mkazi wa Kisasa
Niliambiwa nilegeze mabega.

#39 Dada wa Saluni Area C
Samahani nimechelewa. Na sisi je? Wateja tunawalaza nyuma shingo kwenye sinki tukiwaosha nywele. Kuna mama mmoja aliinuka kizunguzungu anapepesuka, nikajua njaa.

#40 Ticha Bio
Dada, hilo nalo limeandikwa. Mwaka 1993 daktari wa New York, Weintraub, alieleza wanawake watano wazee waliopata matatizo ya ubongo baada ya kuoshwa nywele saluni wamelaza shingo nyuma. Weka taulo nene chini ya shingo, na usimweke muda mrefu.

#41 Kinyozi Majengo
Sasa mimi niulize kwa upole. Ile ka! ni nini basi, kama si mfupa kurudi mahali pake? Nilikuwa najua ni kama rimu ya boda, ukigonga inanyooka.

#42 Ticha Bio
Ni gesi. Ndani ya kiungo kuna ute. Ukikivuta ghafla, kunatokea uwazi wa gesi ndani ya ute na ndipo mlio unatoka. Mwaka 2015 watu wa Chuo Kikuu cha Alberta walipiga picha za MRI za vidole vikivutwa mpaka vilie wakaona uwazi unatokea. Haina maana kuna kitu kimerudi popote.

#43 Kinyozi Majengo
Kwa hiyo wateja wananilipa kwa gesi. Basi kuanzia wiki hii nakanda mabega tu. Ila nawajua, watahamia kwa jirani.

#44 Kondoa Irangi
Wakuu poleni na mjadala, nimesoma wote. Mama yangu yuko Kondoa, ana miaka 63. Shingo inamuuma muda mrefu, usiku anatoka jasho, amekonda. Siku hizi anashindwa kufunga vifungo vya blauzi, kikombe kinamponyoka, na akitembea anasema miguu haimsikilizi. Kuna mtu anakuja kumkanda kila jioni. Nimwambie aendelee?

#45 Fizio wa Makole
Mwambie aache LEO. Asikandwe, asivutwe, asigeuzwe. Vifungo kumshinda na miguu kutomsikiliza ni dalili uti unabanwa. Jasho la usiku na kukonda kunanifanya nifikirie kifua kikuu cha mifupa, kinaweza kula pingili za shingo na mtu asikohoe hata mara moja. Dawa zake ni bure nchini. Kinaweza kuwa kitu kingine pia, ila vyote vinahitaji picha. Mleteni hospitali hapa Dodoma, General au Benjamin Mkapa, na aje amelazwa, si amekaa siti ya nyuma ya Coaster anarushwarushwa.

#46 Mwana Chamwino
Hapa nakubaliana na Fizio moja kwa moja. Hata kairoprakta wangu wa Durban aliniuliza jasho la usiku, kukonda na ganzi kabla hajanigusa. Hao wa ukumbini waliuliza?

#47 Mkazi wa Kisasa
Waliuliza kama nalipa kwa simu au taslimu.

#48 Mzee wa Ihumwa
Na kama wanatibu kwa njia hiyo, waulize usajili wao uko wapi. Tiba mbadala ina sheria yake ya 2002 na ina Baraza. Cheti kibandikwe ukutani, si kwenye simu.

#49 Kondoa Irangi
Asante Fizio. Nimempigia kaka, wanatafuta gari la kumlaza. Kola tunaweza kumvalisha ya kununua duka la dawa au tusubiri?

#50 Fizio wa Makole
Ile laini ya sponji haizuii kitu, ila itamkumbusha asigeuke. Kunjeni kanga mbili ziwe ngumu, wekeni pande zote za kichwa akiwa amelala chali, na mtu mmoja akae naye nyuma azishikilie njia nzima. Mwambieni dereva matuta yote ya Kondoa mpaka hapa ayapande taratibu. Mkifika niandikie faragha.

#51 Sele wa Kizota
Pole dada, mama atapona. @Ticha Bio nimegugo, twiga kweli 7. Lakini bundi 14 bado sijakubali.